Mandhari Nyuma ya Akriliki: Historia ya Picha Isiyobanduka

Picha iliyogandishwa kwenye akriliki ni picha ya karatasi ambayo uso wake umeshikizwa kwa gundi nyuma ya bamba la plastiki angavu. Kati ya karatasi na plastiki hakuna hewa hata kidogo. Mtazamaji haoni karatasi iliyofungiwa ndani ya fremu. Anaona kitu kimoja kizima, laini, chenye rangi nzito na weusi uliokolea, kikiwa kimetokeza kidogo mbele ya ukuta. Kwa wapiga picha wa milima, mito, misitu na bahari, njia hii imekuwa mojawapo ya namna kuu za kuonyesha kazi zao tangu miaka ya 1990. Ilitokana na vitu vitatu vilivyokua mbalimbali kabla ya kukutana: plastiki ya akriliki, gundi ya silikoni, na karatasi ya picha za rangi. Kukutana huko kuliipa picha ya mandhari ukubwa na mng'ao ambao haukuwahi kuwapo. Kulileta pia tatizo, kwa kuwa gundi inayoipendezesha picha ndiyo inayofanya isitengenezeke ikiharibika.

Kioo na karatasi, 1861–1941

Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia katika bonde la Yosemite, California, akiwa na kamera iliyopokea mabamba ya kioo ya takriban sentimita 46 kwa 56. Zama hizo kukuza picha kutoka negativu ndogo kulikuwa kazi ngumu yenye matokeo hafifu, kwa hiyo aliyetaka picha kubwa alilazimika kubeba negativu kubwa. Karatasi iliwekwa juu ya negativu na kuanikwa juani, na picha ikatoka na ukubwa uleule wa kioo. Kazi za Watkins zilionyeshwa New York mwaka 1862. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde la Yosemite kwa jimbo la California ili lihifadhiwe kwa manufaa ya umma. Wanahistoria wengi huzihesabu picha hizo miongoni mwa vitu vilivyowashawishi wanasiasa ambao hawakuwa wamefika huko.

Wazo la kuunganisha picha na kioo nalo halikuanzia kwenye plastiki. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mtindo wa kubandika picha ya karatasi kifudifudi kwenye kioo kilichobinuka, kisha karatasi hiyo ikasuguliwa kwa nyuma hadi ikawa nyembamba na kupakwa rangi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Edward S. Curtis wa Seattle alitengeneza picha zilizokaa juu ya kioo chenyewe, zikapakwa rangi ya dhahabu kwa nyuma ili maji na anga ving'ae. Njia zote mbili zilifaa kwa picha ndogo tu. Kioo ni kizito na huvunjika, na gundi za wakati huo ziligeuka manjano au kuachia.

Uzito ulikuwa kikwazo halisi. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Picha ya mita 2 kwa 3 ingehitaji kioo cha kilo 60, bila kuhesabu fremu. Ndiyo maana picha za ukutani zilizotengenezwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, zikiwamo zile za Ansel Adams, mara nyingi ziliachwa bila kinga, karatasi ikibandikwa kwenye ubao na kuachiwa vumbi na mikwaruzo. Mwaka 1941 Adams aliajiriwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani kupiga picha za hifadhi za taifa zitakazopamba ofisi zake kwa ukubwa wa ukuta. Vita viliukatiza mradi huo kabla haujakamilika.

Plastiki ya Darmstadt, 1901–1945

Otto Röhm, mkemia Mjerumani, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1901 kuhusu polima zinazotokana na asidi ya akriliki. Mwaka 1907 alianzisha kampuni pamoja na Otto Haas, na miaka miwili baadaye kampuni hiyo ikahamia Darmstadt. Biashara yake ya kwanza ilikuwa dawa za kulainisha ngozi za wanyama viwandani, lakini utafiti wa akriliki haukuachwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 maabara ya Röhm ilikuwa ikitafuta kioo cha usalama. Wazo lilikuwa kumimina kimiminika cha akriliki kati ya vioo viwili ili kigande na kuviunganisha. Kiliganda kweli, lakini kilijitenga na vioo, kikatoka bamba gumu lenye kupitisha mwanga. Jaribio la kuunganisha lilishindwa, na zao la kushindwa huko ndilo lililosajiliwa kwa jina la Plexiglas mwaka 1933. Nchini Uingereza wakemia wa kampuni ya ICI walifika mahali palepale karibu wakati huohuo, na bidhaa yao ikaitwa Perspex.

Sifa za plastiki hiyo zilieleweka haraka. Hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, uzito wake ni karibu nusu ya ule wa kioo, na inapovunjika haitoi vipande vinavyokata kama vya kioo. Viwanda vya ndege viliichukua mara moja. Katika Vita vya Pili vya Dunia paa la chumba cha rubani, kwa mfano katika ndege za Spitfire, lilitengenezwa kwa akriliki. Vita vilipokwisha, viwanda vilivyokuwa na uwezo mkubwa wa uzalishaji vilitafuta wateja wapya, na akriliki ikaingia katika mabango ya maduka, taa za nyuma za magari na samani. Kufikia miaka ya 1960 bamba kubwa lisilo na kasoro lilikuwa bidhaa ya kawaida sokoni.

Rangi na silikoni, 1940–1968

Kitu cha pili kilikuwa gundi. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric alipata njia rahisi ya kutengeneza malighafi ya silikoni, na mwaka 1943 kampuni za Dow Chemical na Corning Glass ziliungana kuunda Dow Corning ili kuizalisha. Baada ya vita zikaja silikoni zinazoganda zenyewe katika joto la kawaida, zikisaidiwa na unyevu wa hewa. Aina moja hutoa asidi ya asetiki inapoganda, na ndiyo sababu fundi anayeziba kingo za dirisha au tangi la samaki husikia harufu ya siki. Silikoni ikishaganda hubaki angavu, haigeuki manjano upesi, na huvutika bila kukatika. Uvutikaji huo ulikuja kuwa na faida kubwa, kwa sababu akriliki hutanuka na kusinyaa kwa joto: bamba la mita 2 huongezeka kwa zaidi ya milimita moja joto likipanda nyuzi 10. Gundi ngumu ingepasuka au kuichana karatasi.

Kitu cha tatu kilikuwa picha ya rangi. Kodak ilitoa filamu ya negativu ya rangi mwaka 1942, na katikati ya miaka ya 1950 karatasi ya rangi ikaanza kuuzwa kwa maabara huru. Mwaka 1963 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilileta Cibachrome, iliyochapa moja kwa moja kutoka slaidi. Uso wake ulikuwa laini mno, na aina yake iliyojulikana zaidi ilikaa juu ya poliesta badala ya karatasi. Mwishoni mwa muongo huo karatasi za picha zilianza kufunikwa kwa tabaka la plastiki pande zote mbili, zikaacha kunywa maji na kujikunja. Karatasi iliyotulia na yenye uso usio na vinyweleo ilikuwa tayari kupokea gundi.

Uvumbuzi wa Uswisi, 1969

Mwaka 1969 Mswisi Heinz Sovilla-Brulhart aliviunganisha vitu hivyo vitatu. Njia yake, iliyopewa hataza na jina la biashara la Diasec, iliweka silikoni kati ya uso wa picha na bamba la akriliki. Kwa kuwa silikoni haishiki akriliki vizuri, bamba lilipakwa kwanza dawa ya kuutayarisha uso wake. Karakana zilizotaka kutumia jina hilo zilipaswa kupata leseni.

Kazi yenyewe hufanyika katika chumba kisicho na vumbi. Akriliki hujichaji umeme tuli na kuvuta kila chembe iliyo karibu, kwa hiyo mara karatasi ya kinga inapobanduliwa, bamba hupulizwa hewa iliyotiwa ioni. Fundi humimina silikoni kwenye ukingo mmoja, huilaza picha, kisha vyote hupitishwa kati ya roli mbili. Roli husukuma mbele wimbi la silikoni, nalo huondoka na hewa yote. Baada ya kuganda, nyuma ya picha hubandikwa bamba jingine la akriliki au la alumini, na vyuma vya kutundikia hufichwa hapo. Unywele mmoja ukibaki ndani, utaonekana maisha yote ya picha hiyo, na hakuna marekebisho isipokuwa kuchapa upya.

Sababu ya mng'ao ni ya kifizikia. Kila mara mwanga unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye kioo au plastiki, karibu asilimia 4 yake hurudishwa. Picha iliyo nyuma ya kioo cha kawaida ina mipaka mitatu ya namna hiyo: mbele ya kioo, nyuma yake, na uso wa picha. Mwanga unaorudishwa hapo hufunika sehemu nyeusi kwa ukungu wa kijivu. Silikoni ikijaza nafasi ya hewa, mwanga hupinda kwa kiwango kinachokaribiana katika akriliki, gundi na jelatini ya picha, hivyo mipaka ya ndani karibu yote hutoweka. Rangi hukolea kama za kokoto iliyotoka majini. Kwa picha ya mandhari yenye msitu wa jioni au bonde lenye kivuli, tofauti hiyo huonekana papo hapo.

Düsseldorf, 1976–1992

Kwa miaka kadhaa njia ya Sovilla-Brulhart ilitumika zaidi katika matangazo na maonyesho ya biashara. Iliingia katika sanaa kupitia mji wa Düsseldorf. Mwaka 1976 Bernd Becher aliteuliwa kufundisha upigaji picha katika chuo cha sanaa cha mji huo, Kunstakademie. Yeye na mkewe Hilla walijulikana kwa picha za nyeusi na nyeupe za minara ya maji, tanuru na migodi, zilizopigwa bila madoido. Wanafunzi wao, wakiwamo Thomas Struth, Thomas Ruff, Axel Hütte na Andreas Gursky, walirithi utulivu huo wa jicho, lakini wakageukia rangi na ukubwa.

Mazingira yalisaidia. Düsseldorf ilikuwa na maabara ya Grieger, iliyokuwa na leseni ya Diasec na iliyozoea kazi kubwa za matangazo. Nyumba za sanaa za eneo la mto Rhein nazo zilikuwa zikiuza michoro mikubwa, na msanii aliyetaka picha yake isimame karibu na mchoro wa mita mbili alihitaji kitu chenye ukubwa na uzito wa kuonekana. Mwaka 1986 Ruff alianza kuchapa nyuso za watu kwa ukubwa wa sentimita 210 kwa 165 na kuzigandisha nyuma ya akriliki. Miaka michache baadaye alitumia negativu za kituo cha uchunguzi wa anga cha nchi za Ulaya kilichoko Chile, akachapa picha za nyota zenye urefu unaozidi mita mbili. Hapo weusi wa akriliki ulikuwa sehemu ya kazi, kwa maana anga la usiku lisilo na weusi kamili lingeonekana kama karatasi tu.

Gursky alifika kwenye ukubwa kwa njia ya mandhari. Mwaka 1984 alipiga picha ya mlima katika Klausenpass, Uswisi. Baadaye, alipoikuza, aligundua wapanda mlima wadogo mno waliotapakaa kwenye mteremko, ambao hakuwaona alipobonyeza kamera. Tangu hapo alitafuta picha ambazo mtazamaji akiwa mbali huona umbo moja kubwa, na akisogea huona mamia ya mambo madogo. Picha ya namna hiyo huhitaji uso usio na chembe wala mikunjo, na akriliki iliutoa.

Leza na kompyuta, 1991–2000

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 picha kubwa ilichapwa gizani kwa mashine ya kukuzia, na kingo zake mara nyingi zilikuwa hafifu kuliko katikati. Mwaka 1994 kampuni ya Durst, yenye makao yake Bressanone, Italia, ilitoa mashine ya Lambda. Ilisoma faili la kompyuta na kuichoma karatasi ya picha kwa miale ya leza nyekundu, kijani na buluu, kwenye roli ya upana wa sentimita 127. Baadaye zilifuata mashine zilizopokea karatasi pana zaidi. Ukali wa picha ukawa sawa kutoka pembe hadi pembe, na picha ikaweza kurekebishwa kabla ya kuchapwa.

Wakati huohuo uchapaji wa wino ulikuwa ukikua. Mwaka 1991 karakana ya Nash Editions ilianza kazi California, ikitumia mashine za IRIS zilizotengenezwa kwa ajili ya chapa za majaribio katika viwanda vya uchapaji. Wino wa mwanzo ulififia upesi. Kufikia mwaka 2000 wino wa pigmenti ulipunguza tatizo hilo, na wapiga picha wakapata njia ya pili ya kutengeneza chapa za kugandishwa.

Zao mashuhuri la kipindi hicho ni Rhein II ya Gursky, ya mwaka 1999. Ni mandhari ya mto karibu na Düsseldorf: mistari ya nyasi, njia, maji na anga la mawingu, mlalo tupu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gursky aliondoa kwa kompyuta jengo la kiwanda na watu waliokuwa wakitembeza mbwa. Picha yenyewe ina upana wa zaidi ya mita tatu na nusu, na imegandishwa kwenye akriliki. Nakala zake ni sita tu, na baadhi zimo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York na London.

Soko, 2001–2014

Mwaka 2001 makumbusho ya MoMA, New York, yalifanya maonyesho makubwa ya Gursky, na bei zikaanza kupanda. Mwaka 2007 kazi yake 99 Cent II, picha ya duka la bei nafuu, iliuzwa London kwa zaidi ya dola milioni 3.3. Tarehe 8 Novemba 2011, katika mnada wa Christie's mjini New York, nakala ya Rhein II ilinunuliwa kwa dola 4,338,500, bei ambayo hakuna picha iliyokuwa imeifikia mnadani. Rekodi hiyo ilidumu hadi Mei 2022, ilipovunjwa na chapa ya Man Ray ya mwaka 1924, kipande kidogo cha karatasi kisicho na akriliki.

Pembeni ya makumbusho likakua soko jingine. Mwaka 2004 nyumba ya sanaa ya LUMAS ilifunguliwa Berlin, ikauza picha zilizogandishwa kwenye akriliki kwa nakala nyingi na bei ambayo mtu wa kipato cha kati aliweza kuimudu. Nchini Marekani, Peter Lik, mzaliwa wa Australia, alifungua maduka yake mwenyewe katika miji ya kitalii kama Las Vegas, akauza mandhari zenye rangi kali, kila moja kwa nakala zinazokaribia elfu. Desemba 2014 kampuni yake ilitangaza kwamba picha yake ya korongo la Antelope, Arizona, iliyoitwa Phantom, imeuzwa kwa dola milioni 6.5. Mauzo yalikuwa ya faragha na mnunuzi hakutajwa, kwa hiyo wakosoaji hawakukubali kuiweka bei hiyo kwenye mizani moja na bei za mnadani. Hata hivyo, akriliki ilikuwa imekwisha kuwa sura ambayo umma huitarajia kwa picha ya mandhari ya bei kubwa.

Tatizo la kutobanduka

Mapema katika karne ya 21 wahifadhi wa makumbusho walianza kuandika juu ya udhaifu wa kazi hizi. Martin Jürgens na Sylvie Pénichon ni miongoni mwa waliolichunguza suala hilo mapema. Akriliki hukwaruzika kwa urahisi kuliko kioo. Dawa za kusafishia zenye amonia au spiriti huweza kuipasua nyufa ndogondogo. Mkwaruzo usio na kina huweza kusuguliwa, lakini kwenye uso mpana unaong'aa, sehemu iliyosuguliwa nayo huonekana. Katika picha yenye fremu, kioo kilichoharibika hubadilishwa kwa dakika chache. Katika picha iliyogandishwa, kulitoa bamba ni kuichana picha.

Tatizo la pili ni rangi. Chapa za rangi za kawaida hufifia kwa mwanga, na pia kwa joto na unyevu hata zikiwa gizani. Akriliki yenye kuchuja miale ya urujuanimno hupunguza kasi ya kufifia, ila haizuii mabadiliko ya kikemia yanayoendelea ndani ya karatasi. Kazi nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ziko katika hali hiyo.

Jibu la makumbusho limekuwa la kimkataba zaidi kuliko la kikemia. Baadhi hununua nakala mbili, moja ya kuonyeshwa na nyingine ya kuhifadhiwa kwenye baridi. Mengine hukubaliana na msanii kwamba kazi ikiharibika itachapwa upya kutoka negativu au faili, na ile ya zamani itateketezwa ili idadi ya nakala isizidi. Kwa utaratibu huo picha ya mandhari imeanza kuuzwa kama haki ya kuwa na nakala nzima, siyo kama karatasi fulani iliyotoka mkononi mwa msanii siku fulani.

Njia mpya

Uzalishaji wa Cibachrome, ambayo wakati huo iliitwa Ilfochrome, ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 2010, na aina za karatasi za leza zimepungua. Karakana nyingi sasa hutumia gundi angavu ya roli badala ya silikoni ya kumimina. Ni nafuu, haihitaji saa za kuganda, na huweza kufanywa na fundi mmoja, ingawa huacha vipovu vidogo kama karatasi ina mikwaruzo au vinyweleo. Mashine nyingine huchapa wino unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno moja kwa moja nyuma ya akriliki, kisha hufunika kwa tabaka jeupe. Hapo karatasi haipo tena, wala gundi, ingawa wakosoaji husema rangi zake hazifikii kina cha karatasi ya picha.

Pia kuna chapa za bamba la alumini, ambamo rangi huingizwa kwa joto, na hizi ni nyepesi na hustahimili maji. Kwa upande mwingine, baadhi ya wapiga picha wa mandhari wamerudi kwenye karatasi ya pamba na kioo kilichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao, ambacho hurudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga na huondolewa wakati wowote. Silikoni ya Sovilla-Brulhart imebaki kwa kazi zinazotaka weusi mzito na uso usio na mshono, na wanaoichagua leo huichagua pamoja na mkataba wa kuchapa upya.